Mguu Usiouma: Yanayomweka Mtu Mwenye Kisukari Katika Hatari ya Kupata Kidonda

Somo hili limekusudiwa watu wazima wenye kisukari na ndugu wanaoishi nao wilayani Chunya na katika maeneo jirani ya mkoa wa Mbeya. Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini jambo la hospitali limewekwa katika kijitabu cha mlaji. Sababu ni kwamba safari ya kuelekea kwenye kidonda cha mguu hupitia sokoni mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Huanzia katika kiatu kilichonunuliwa kwa haraka, katika wembe wa kukatia sugu, katika dawa ya unga iliyouzwa bila maelezo, na katika kipimo ambacho mgonjwa angeweza kukiomba kliniki lakini hakujua kwamba kipo.

Kisukari si ugonjwa wa watu wachache tena. Uchunguzi wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kuwa watu takribani 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa nacho, na wengi hawakuwa wakijua. Kwa wenye kisukari duniani kote, wataalamu hukadiria kwamba kati ya watu 19 na 34 katika kila 100 watapata kidonda cha mguu wakati fulani wa maisha yao. Tofauti kati ya watakaopata na wasiopata haitokani na bahati peke yake. Ina vyanzo vinavyojulikana, na vingi vinaweza kutambuliwa kabla ngozi haijachubuka.

Maumivu ni mlinzi

Wapo wanaoamini kwamba damu yenye sukari nyingi huozesha nyama yenyewe, kama vile tunda linavyooza likikaa. Imani hiyo ina madhara, maana humfanya mtu akate tamaa mapema. Inafaa tukumbuke jambo lililogunduliwa katika ugonjwa mwingine ambao nchi yetu iliufahamu vizuri, yaani ukoma. Daktari mpasuaji Mwingereza, Paul Brand, alianza kazi Vellore, India, mwaka 1946. Wakati huo iliaminika kwamba ukoma wenyewe hula vidole. Brand na wenzake walionyesha kwamba vidole vilipotea kwa sababu nyingine: mgonjwa alishika sufuria la moto, akakanyaga mwiba, akatembea siku nzima na kokoto ndani ya kiatu, wala asisikie chochote. Kilichokosekana kilikuwa maumivu. Baadaye Brand alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, Marekani, na mafunzo yaleyale yakatumika kwa miguu ya wenye kisukari.

Sukari inapokaa juu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu, na ile mirefu kuliko yote, inayofika kwenye vidole vya miguu, huathirika kwanza. Ganzi huanzia kwenye ncha za vidole na kupanda taratibu, kana kwamba mtu anavishwa soksi asiyoiona. Kwa wengine hutanguliwa na hisia za kuwaka moto nyayoni usiku, kuchomwachomwa na sindano, au kutembewa na sisimizi. Hapa pana mtego ambao tungependa kila msomaji aukumbuke. Miguu iliyokuwa ikiwaka moto inaweza kutulia siku moja, na mwenyewe akashukuru kwamba amepona. Huenda hajapona. Huenda mishipa iliyokuwa ikilalamika imenyamaza kabisa.

Mishipa hiyo haileti hisia tu. Mingine huendesha misuli midogo ya mguu. Ikidhoofika, vidole hujikunja kama makucha, na uzito wa mwili huegemea sehemu chache za unyayo badala ya kutawanyika. Pale panapoelemewa ngozi hujikinga kwa kuota sugu. Sugu nene juu ya mguu wenye ganzi ni sawa na kokoto iliyoshonwa ndani ya ngozi: kila hatua inaugandamiza mwili ulio chini yake, na kidonda kinaweza kuanzia ndani huku juu pakionekana pagumu na pazima. Mishipa mingine huamuru jasho. Ikifa, ngozi hukauka na visigino hupasuka, na kila ufa ni mlango wa vijidudu.

Damu isiyofika

Chanzo kikubwa cha pili ni mishipa ya damu iliyosinyaa au kuziba. Mguu usiofikiwa na damu ya kutosha hauwezi kupona hata jeraha dogo. Dalili zake ni maumivu ya shavu la mguu yanayokuja mtu akitembea na kuondoka akisimama, mguu wa baridi, na ngozi inayong'aa na kupoteza vinyweleo. Mwenye ganzi huenda asisikie maumivu hayo, kwa hiyo kutoyasikia kusichukuliwe kuwa uthibitisho wa uzima.

Chunya ni wilaya ya tumbaku, na hatuwezi kulipita jambo hili kwa haya. Uvutaji wa sigara huharibu mishipa hiyohiyo ambayo kisukari kinaiharibu. Mkulima anaweza kuishi kwa zao hili bila kulivuta. Kwa mwenye kisukari, kuacha kuvuta ni hatua kubwa kuliko dawa nyingi zinazouzwa kwa ajili ya "kusafisha mishipa", na haina gharama.

Shinikizo la juu la damu na mafuta mengi katika damu huongeza tatizo. Figo zilizoharibika sana, macho yanayoona hafifu, na miaka mingi ya kuishi na kisukari pia huhesabiwa miongoni mwa hatari.

Jeraha hutoka wapi

Ganzi peke yake haileti kidonda, bali humwachia mtu mlango wazi. Anayeingia kupitia mlango huo ni jeraha, na kila mahali pana majeraha yake. Chunya imeishi kwa miguu ya watu wake tangu dhahabu ya Lupa ilipoanza kuchimbwa katika miaka ya 1920. Mchimbaji mdogo hushuka duarani kwa mabuti ya mpira, na wengine hushuka peku. Anayeosha mchanga mwaloni hushinda na miguu majini. Ngozi katikati ya vidole hulainika, fangasi huota, na ufa hufunguka. Aliye kwenye karasha hutembea juu ya vipande vya mawe vyenye ncha. Mabuti yenyewe, yakivaliwa bila soksi kwa saa nyingi, hukusanya jasho na mchanga, na mchanga husugua ngozi kama msasa. Hatusemi kwamba mwenye kisukari aache kazi yake. Tunasema kwamba kila anapotoka kazini ayavue, ayakung'ute, aoshe miguu, na akaushe katikati ya vidole kwa kitambaa. Vivyo hivyo kwa anayetawadha mara tano kwa siku: maji yasiachwe baina ya vidole.

Moto ni hatari nyingine. Nyakati za baridi, hasa Juni na Julai upande wa milimani, watu huota miguu kwenye jiko la mkaa. Wakati wa kukausha tumbaku, mkulima hukesha karibu na moto wa bani. Mguu wenye ganzi huungua mtu akiwa anaongea na mwenzake. Pia kuna desturi ya kukanda miguu kwa maji ya moto yenye chumvi ili kuondoa uchovu. Kwa mwenye kisukari desturi hiyo haifai kabisa. Anayetaka kuosha miguu kwa maji ya vuguvugu ayapime kwanza kwa kiwiko, au amwombe mwingine ayapime kwa mkono.

Funza bado wapo katika nyumba zenye sakafu ya vumbi. Kuwatoa kwa mwiba au sindano isiyo safi kumeleta shida kwa watu wenye miguu mizima. Kwa mguu wenye ganzi ni hatari maradufu. Afadhali kwenda zahanati.

Na kuna panya. Waswahili husema panya huuma na kupuliza, na mwenye mguu wenye ganzi hahitaji hata kupulizwa. Jambo hili si utani. Mwaka 2005 Dk. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam waliandika katika jarida la kitaalamu la kisukari kuhusu wagonjwa wa Tanzania walioumwa na panya miguuni wakiwa usingizini, wasiamke. Nyumba inayohifadhi magunia ya mahindi katika chumba cha kulala inawaalika wageni hao. Magunia yahamishwe, miguu ioshwe kabla ya kulala ili isiwe na harufu ya chakula, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro.

Kununua kiatu

Tufikirie mzee mmoja gulioni akiwa mbele ya meza ya viatu vya mitumba.

"Shikamoo, mzee. Jaribu hiki, namba 42."

"Marahaba, kijana. Hiki kinapwaya, sikisikii mguuni. Nipe kidogo chake."

Kijana anamletea namba 40. Mzee anasimama, anatabasamu. "Hapo sawa. Sasa nakisikia."

Alichokisikia mzee huyo ni kubanwa. Mtu mwenye ganzi huhisi kiatu kinapokuwa kidogo tu, ndiyo maana wengi wao huchagua viatu visivyowatosha na kuamini kwamba wamechagua vizuri. Muuzaji hana kosa, naye mnunuzi amefanya alichoona ni busara. Kwa hiyo kiatu kisipimwe kwa hisia. Kipimwe kwa macho. Ukiwa nyumbani, simama juu ya karatasi ngumu, mtu akuchoree mguu wako pande zote, kisha ikateni alama hiyo. Nenda nayo sokoni na uiingize katika kiatu. Ikikunjika popote, kiatu hicho si chako. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki nafasi ya sentimita moja hivi. Nunua alasiri, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na pima miguu yote miwili kwa sababu mara nyingi hailingani.

Ingiza mkono ndani hadi mwisho na upapase. Tafuta misumari, mishono iliyoinuka, na soli ya ndani iliyokunjamana. Katika mitumba, kumbuka kwamba soli imekwisha kuchukua umbo la mguu wa mtu mwingine na itaelemea pale alipoelemea yeye. Viatu vya plastiki aina ya yeboyebo ni rahisi na huoshwa haraka, lakini kingo zake hukata na ndani hakuna hewa. Ndala hazikingi vidole, na mkanda wake husugua katikati ya kidole gumba na cha pili. Kuhusu katambuga tuna maoni ya pande mbili. Soli ya tairi huzuia mwiba na msumari vizuri kuliko soli nyingi za dukani, na tusingependa kumvua mtu katambuga ili atembee peku. Lakini misumari inayoshika mikanda hupanda juu soli inapolika, na nyaya za tairi hujitokeza. Anayezivaa azikague kila siku, afunike vichwa vya misumari kwa soli laini ya ndani, na avae soksi zisizobana.

Kiatu kipya, hata kikiwa kizuri, kivaliwe saa moja au mbili tu siku za mwanzo, kisha mguu utazamwe. Alama nyekundu isiyoondoka ni onyo. Na kabla ya kukivaa kiatu chochote, kikung'ute. Kokoto, kifuniko cha chupa na sindano ya kushonea ni vitu vinavyoweza kutembea na mtu asubuhi nzima.

Vitu vingine vinavyouzwa

Usinunue dawa za kuyeyusha sugu. Nyingi zina asidi ambayo haichagui kati ya sugu na ngozi nzima. Usikate sugu kwa wembe, wala usimpe mguu wako mtengeneza kucha wa mtaani mwenye wembe uleule kwa kila mteja. Kucha zikatwe kwa kunyoosha, bila kuchimba pembeni. Asiyeona vizuri akatiwe na mwingine. Kwa ngozi kavu, mafuta ya mgando ya kawaida yanatosha, yapakwe juu na chini ya mguu lakini si katikati ya vidole.

Anayejipima sukari nyumbani ahakikishe kwamba vijiti vya kupimia ni vya mashine yake, havijapita tarehe ya mwisho, na havikuwekwa juani. Joto na unyevu hutoa majibu ya uongo, na anayeongozwa na majibu ya uongo hudhani sukari yake imetulia. Ukikitilia shaka kipimo au dawa, taarifa hupelekwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Atakayekuuzia chupa ya kumaliza kisukari na kukutaka uache dawa za hospitali, mwache na chupa yake. Tiba asili ina sheria yake ya mwaka 2002 na baraza lake, na mtoa huduma anayefuata taratibu hatakasirika ukimwomba akuonyeshe usajili.

Jipimeni nyumbani

Kipimo kifuatacho kilibuniwa na madaktari wa hospitali ya Ipswich, Uingereza, na hakihitaji kifaa chochote isipokuwa kidole. Mwenye kisukari avue viatu na soksi, alale, afumbe macho. Mwenzake amguse kwa wepesi kwa ncha ya kidole cha shahada, kwa sekunde moja au mbili, bila kubonyeza wala kusugua. Aguse ncha ya kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole cha mwisho cha mguu huo. Afanye hivyo kwa mguu wa kushoto. Amalizie kwa kidole cha kati cha kila mguu. Kila anapoguswa, aliyelala aseme "kulia" au "kushoto". Asiguswe mara ya pili pale alipokosa. Akikosa mahali pawili au zaidi kati ya hapo sita, yumkini mguu umepoteza hisia, na aende kliniki akiwa na jibu hilo.

Kliniki ana haki ya kuomba miguu yake itazamwe. Inasikitisha kwamba mtu anaweza kuhudhuria miaka mingi, akapimwa sukari na shinikizo la damu, bila kuambiwa hata siku moja avue viatu. Basi avivue mwenyewe kabla hajaulizwa. Mhudumu atapima hisia kwa uzi maalumu wa nailoni, atapapasa mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo kwa ndani, na kutazama umbo, sugu na kucha. Ujuzi huu upo nchini: katikati ya miaka ya 2000 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoshiriki mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi kutunza miguu ya wenye kisukari.

Mwenye miguu isiyo na ganzi wala tatizo la damu akaguliwe mara moja kwa mwaka. Mwenye mojawapo, kila baada ya miezi 6 hadi 12. Mwenye yote mawili, au mojawapo pamoja na mguu uliobadilika umbo, kila miezi 3 hadi 6. Mwenye ganzi au tatizo la damu ambaye amewahi kupata kidonda, amekatwa kidole au mguu, au figo zake zimeshindwa kazi, kila mwezi 1 hadi 3. Huyo aliyewahi kupata kidonda ndiye aliye hatarini kuliko wote, ingawa mara nyingi ndiye anayejiona amevuka. Katika watu 100 waliopona, takribani 40 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja, na takribani 65 ndani ya miaka mitano. Kovu si mwisho wa matibabu, na kiatu kilicholeta kidonda cha kwanza kisirudi mguuni.

Ukikiona kidonda

Tazama miguu kila jioni, nyayo pia. Tumia kioo au mwombe mjukuu akutazamie. Ukikuta jeraha, lioshe kwa maji safi, lifunike kwa kitambaa safi, acha kulikanyagia kadiri uwezavyo, na uende kituo cha afya siku hiyo au kesho yake. Usimwagie unga wa kapsuli za antibiotiki, majivu, wala spiriti. Usingoje liume ndipo uamini kwamba ni kubwa.

Usaha, harufu, wekundu unaoenea, uvimbe, homa, au ngozi iliyogeuka nyeusi ni mambo ya kwenda hospitali mara moja, hata usiku. Hali kadhalika mguu mmoja uliovimba na kuwa wa moto kuliko mwingine, ingawa hauna jeraha wala maumivu: mifupa inaweza kuwa inavunjika ndani, na kuendelea kuutembelea huuharibu umbo lake moja kwa moja. Hospitali ya wilaya ikiona haja ya kukupa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, umbali wa kilomita takribani 70, usiahirishe mpaka mauzo ya tumbaku yaishe au duara lifike kwenye mwamba wa dhahabu. Mguu wenye uambukizi hupimwa kwa siku, na pengine kwa saa. Beba daftari lako la kliniki, dawa zote unazotumia, na viatu ulivyovaa siku za karibuni, maana mganga akivipapasa ndani huenda akakikuta kilichokuumiza.